Hadubini, GeneXpert na kuotesha: tunalinganisha nini hasa katika makohozi ya mgonjwa wa kifua kikuu?

Mtaalamu wa maabara, mwambao wa Uvinza (Kigoma)

Waganga na wanamaabara wenzangu, habari za kazi.

Nipo kwenye maabara ya kituo cha afya mwambao wa Ziwa Tanganyika, kusini mwa Wilaya ya Uvinza, mahali ambapo njia ya kuaminika ni ya majini. Tunayo hadubini moja ya taa ya LED, slaidi (vioo vidogo vyenye makohozi) tunazipaka auramini, rangi inayowafanya bakteria wang'ae, na makohozi ya wagonjwa tunaowatilia shaka zaidi tunayasafirisha kwa boti hadi hospitali yenye GeneXpert, mashine inayotafuta vinasaba vya bakteria wa TB. Boti hupatikana mara mbili kwa wiki, na katika miezi ya kiangazi, upepo wa kusini unapochafua ziwa, hutokea wiki nzima ikapita kopo halijaondoka.

Mwezi huu yamenikuta mambo mawili. Mama mmoja muuza dagaa, aliyekohoa kwa wiki 6 na kupungua mwili, alitoa sampuli mbili, ya papo kwa papo na ya asubuhi, nami nikazisoma zote bila kuona kimelea hata kimoja. Makohozi yale yale ya asubuhi yalipofika hospitalini, mashine ikajibu kwamba bakteria wa TB wapo kwa kiwango cha chini na kwamba hawana usugu kwa rifampisini, moja ya dawa kuu za TB. Wa pili ni mvuvi aliyemaliza dawa za TB mwaka juzi na sasa anakohoa tena. Slaidi zake ni hasi, lakini mashine imeandika kwamba vinasaba vya bakteria vimeonekana kwa kiasi kidogo mno, na kuhusu rifampisini haikutoa jibu lolote.

Mganga wetu ananiuliza kipimo kipi ni mkweli. Viongozi wa afya wa halmashauri, kwa upande wao, wanauliza hadubini ina kazi gani tena ikiwa makohozi yote yatapelekwa kwenye mashine. Nimejaribu kusoma, lakini makala moja inasema GeneXpert inakamata wagonjwa 85 katika kila 100, nyingine inasema 76, nyingine 90 na zaidi, na kwa hadubini nimekuta namba kuanzia 30 hadi 70. Naomba mnisaidie kuelewa njia hizi zinalinganishwaje kwa haki, na kwa kituo kama chetu ipi itangulie.

Mteknolojia wa maabara, Tabora mjini

Ndugu yangu wa mwambao, pole kwa kazi. Majibu ya yule mama hayapingani hata kidogo, na nitaeleza kwa nini, kwa sababu hapo ndipo penye ufunguo wa swali lako lote.

Kila kipimo kina idadi ya chini ya bakteria ambayo bila kufikiwa hakioni kitu. Ili jicho la msomaji hodari liwaone kwenye slaidi, mililita moja ya makohozi inapaswa kuwa na bakteria kati ya 5,000 na 10,000. GeneXpert ya katriji za kwanza (vikasha vinavyobeba makohozi ndani ya mashine), zile zilizopitishwa na Shirika la Afya Duniani mwishoni mwa mwaka 2010, iliweza kuwabaini wakiwa kama 130 kwa mililita, na katriji ya Ultra iliyofuata mwaka 2017 ilishusha kiwango hicho hadi karibu 16. Kuotesha, yaani kuwalea bakteria kwenye chakula cha maabara mpaka wakue, kunahitaji bakteria hai kati ya 10 na 100. Ninyi wa ziwani mnajua kwamba wavu wa migebuka ukitoka mtupu haina maana ziwa halina dagaa. Kama mama huyo alikuwa na bakteria 1,000 kwa mililita, slaidi yako ilikuwa sahihi kuwa hasi na mashine ilikuwa sahihi kuwa chanya, na hakuna haja ya kujilaumu kwamba ulisoma vibaya.

Sasa zile asilimia zilizokuchanganya. Wanaofanya utafiti hulinganisha kipimo na kuotesha, wakichukulia kwamba aliyeota ndiye mgonjwa. Kwa GeneXpert ya kwanza, matokeo ya tafiti nyingi yakiunganishwa, kati ya wagonjwa walioota ambao pia slaidi zao ni chanya, mashine hukamata karibu 98 katika kila 100. Kati ya walioota ambao slaidi zao ni hasi, hukamata karibu 67. Chukua kliniki ambako watu huja wamechelewa, mapafu yameshatoboka, na katika wagonjwa 100 walioota 60 wana slaidi chanya: mashine itakamata kama 59 katika hao na 27 katika 40 waliobaki, jumla 86. Chukua kliniki nyingine ambako wengi wanaishi na VVU au wanatafutwa mapema vijijini, na wenye slaidi chanya ni 30 tu: itakamata 29 na 47, jumla 76. Mashine ni ile ile na katriji ni ile ile, kilichobadilika ni watu walioingia mlangoni. Ndiyo maana mimi siamini asilimia yoyote ya kipimo cha TB mpaka nimeambiwa ilipatikana kwa wagonjwa wa namna gani.

Jambo hilo hilo huipata hadubini, na kwa ukali zaidi, kwa sababu mgonjwa mwenye VVU ambaye kinga yake imeshuka mara nyingi hatoboki mapafu, kwa hiyo bakteria wachache hutoka na makohozi ingawa ugonjwa umemwenea mwilini. Anakuwa mgonjwa zaidi na slaidi yake inakuwa nyepesi zaidi. Huu ndio udhaifu mkubwa wa hadubini, kuliko ule wa macho kuchoka.

Hata hivyo macho nayo huchoka. Kwa njia ya zamani ya Ziehl-Neelsen tunapaka rangi nyekundu ya kabofuksini, tunapasha moto, tunasafisha kwa asidi na alkoholi, tunamalizia kwa rangi ya buluu, kisha tunasoma nyanja 100 (kila uwanja ni eneo linaloonekana mara moja kwenye lenzi) kwa mafuta, tukikuza mara 1,000, kabla ya kuandika kwamba hakuna kilichoonekana. Nimewahi kufanya kazi mahali ambapo mtu mmoja aliachiwa slaidi zaidi ya 40 kwa siku, na nilipoambiwa nizirudie zile zilizoandikwa hasi nilikuta vimelea ndani yake, wachache lakini wapo, kwa kuwa mwenzangu alikuwa anaishia nyanja ya 20 au 30. Sikumlaumu, maana kwa siku moja mtu hapaswi kuzidisha slaidi 20 hadi 25. Hadubini yako ya LED imepunguza mzigo huo: unasoma ukikuza mara 200 hadi 400, uwanja mmoja una eneo kubwa zaidi, bakteria wanawaka kama nyota usiku, na kwa wastani unakamata wagonjwa karibu asilimia 10 zaidi ya Ziehl-Neelsen. Kwa sharti moja, kwamba slaidi zilizopakwa auramini zisomwe mapema na zifichwe mwanga, kwa sababu mng'ao wake hufifia.

Lipo jambo ambalo hakuna makala ya kulinganisha vipimo inayolipa uzito linaostahili, nalo ni kilichomo ndani ya kopo. Mate si makohozi. Mgonjwa akiambiwa tu "tema hapa", atatema mate, na baada ya hapo GeneXpert, hadubini na kuotesha vyote vitakuwa sawa, kwa maana vyote vitakosa. Tunataka mililita 3 hadi 5, mazito, yaliyotoka chini kifuani baada ya mgonjwa kusukutua mdomo kwa maji, kuvuta pumzi ndefu mara mbili tatu na kukohoa kwa nguvu, akiwa nje penye hewa na siyo chooni wala ndani ya chumba cha kusubiria. Katika maabara yetu tulipoanza kumtoa mgonjwa nje, kusimama naye upande upepo unakotoka na kumwonyesha kwa vitendo, slaidi chanya ziliongezeka bila kubadilisha rangi wala mashine. Dakika hizo 5 ni kipimo cha kwanza kabla ya vipimo vyote.

Daktari, Kigoma

Nashukuru kwa maelezo ya ndugu wa Tabora. Mimi nitazungumzia mvuvi, kwa sababu kesi yake ndiyo inayowasumbua waganga wengi tangu katriji za Ultra zilipofika.

GeneXpert haitafuti bakteria aliye hai. Inatafuta vinasaba vyake, inavizidisha mara nyingi hadi vionekane, na hapo hapo inakagua kipande cha jeni kiitwacho rpoB ambako mabadiliko yanayoleta usugu kwa rifampisini hukaa. Bakteria aliyekufa anaacha vinasaba vyake katika mapafu, na vinaweza kuendelea kutoka na makohozi kwa miezi mingi, hata miaka, baada ya mtu kupona. Katriji ya Ultra imepewa shabaha za ziada, yaani sehemu nyingine za vinasaba za kutafuta, ambazo bakteria mmoja ana nakala zake nyingi, ndiyo maana inaona kidogo sana. Lakini zikionekana hizo peke yake bila rpoB, mashine haina cha kukagua, nayo huandika kwamba suala la rifampisini halijulikani. Mashine haikuharibika. Imesema kadiri ilivyoona.

Kwa mtu anayeishi na VVU, au kwa mtoto, jibu hilo la kiasi kidogo mno tunalichukulia kuwa ni TB na tunaanza dawa, kwa sababu hao hutoa bakteria wachache na hatari ya kuwachelewesha ni kubwa. Kwa mtu mzima asiye na VVU na ambaye hajawahi kuugua, tunaomba sampuli nyingine mpya. Kwa mvuvi wako, ambaye alitibiwa ndani ya miaka 5 iliyopita, jibu hilo peke yake halitoshi kumrudisha kwenye dawa. Mpime VVU kama hajapimwa karibuni, mwulize juu ya homa, jasho la usiku na uzito, mtafutie picha ya eksirei ilinganishwe na ile ya zamani ikiwa ipo, kisha utume makohozi yakaoteshwe, kwa kuwa kuotesha ndiko kunakoweza kusema kama kuna kilicho hai. Wakati huo huo asisahauliwe: mapafu yaliyowahi kuugua TB hubaki na makovu na mianya, na kikohozi chake kinaweza kutokana na hayo.

Naomba niongeze hesabu moja, maana wengi wetu hatuifanyi. Chukua watu 1,000 wanaokohoa, 50 kati yao wakiwa na TB kweli. Kipimo kinachokamata wagonjwa 90 katika kila 100 na kuwaacha salama 96 katika kila 100 wasio wagonjwa, ambavyo ndivyo Ultra ilivyo kwa makadirio ya karibu, kitakamata wagonjwa 45, kitakosa 5, na kitawanyoshea kidole watu 38 ambao kuotesha hakukuonyesha ugonjwa. Katriji ya kwanza, yenye 85 na 98, ingekamata kama 42 au 43 na kuwanyoshea kidole 19. Kwa hiyo Ultra inaokoa wawili watatu zaidi na inawaongezea usumbufu watu 19 wengine. Hao 38 hawakutawanyika ovyo, kwani wengi wao huwa ni watu kama mvuvi wako, waliowahi kuugua, na wachache huwa ni wagonjwa kweli ambao kuotesha ndiko kulikoshindwa. Kwa mtu ambaye hajawahi kuugua TB, jibu chanya la Ultra, lisilo lile la kiasi kidogo mno, ni la kuaminika sana, na mama wa dagaa aanze dawa bila kusubiri chochote.

Kuhusu swali la halmashauri kwamba hadubini ina kazi gani: ina kazi ambayo GeneXpert hairuhusiwi kuifanya. Mgonjwa aliye kwenye dawa hufuatiliwa kwa slaidi mwishoni mwa mwezi wa 2, wa 5 na wa 6. Ukimpima kwa mashine, itaendelea kuona vinasaba vya bakteria waliokwisha kufa, nawe utadhani dawa zimeshindwa. Nimewahi kupokea mgonjwa aliyerudishwa mwanzo wa matibabu kwa kosa la namna hiyo, kijana aliyekuwa anaendelea vizuri na ambaye uzito wake ulikuwa umepanda, na iliniuma, kwa sababu kadi yake ilikuwa na kila kitu cha kumwonyesha mganga kwamba anapona.

Mwanafunzi wa maabara, Tabora

Shikamooni. Naomba kuuliza kwa kifupi: panya wa Morogoro wanaonusa makohozi wanaingia wapi katika ulinganisho huu?

Mteknolojia wa maabara, Tabora mjini

Marahaba. Panya buku wanaofunzwa na shirika la APOPO pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo wananusa sampuli 100 kwa muda wa kama dakika 20, na wamewapata wagonjwa wengi ambao slaidi zao ziliandikwa hasi. Lakini wao huchuja tu: sampuli waliyoionyesha lazima ithibitishwe kwa njia nyingine kabla mgonjwa hajaambiwa lolote. Wapo Morogoro na Dar es Salaam, kwa hiyo kwa mwenzetu wa Uvinza hawabadilishi safari ya boti.

Mtaalamu wa maabara, mwambao wa Uvinza (Kigoma)

Nashukuru sana. Daktari, mama ameanza dawa jana, na wanawe watatu nimewaita kwa uchunguzi. Nina maswali mawili ya nyongeza. Kama kuotesha ndiko kunakoonyesha bakteria walio hai na ndiko kunakolinganishwa na vipimo vyote, kwa nini tusioteshe sampuli za wote? Na makohozi yanayokaa siku 3 au 4 yakisubiri boti yanabaki na thamani gani?

Mstaafu wa maabara, Urambo (Tabora)

Nimefanya kazi ya kuotesha kwa miaka mingi kabla ya kurudi nyumbani Urambo, kwa hiyo niruhusuni nijibu kwa kirefu kidogo.

Bakteria wa TB ni mvivu wa kuzaliana. Wakati bakteria wa kawaida wa tumboni hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi, huyu huchukua saa 18 hadi 24. Kwenye chakula kigumu cha Löwenstein-Jensen, ambacho tulikuwa tunakipika kwa mayai mabichi na rangi ya kijani inayozuia vijidudu vingine, tulisubiri wiki 3 hadi 8 kuona vichuguu vya rangi ya maziwa vilivyokauka kama chenga za mkate. Chakula cha majimaji kilipokuja kikafupisha mambo, wengi wakaonekana katika wiki ya pili, lakini chupa hairuhusiwi kutangazwa hasi mpaka zitimie siku 42. Sasa niambieni, mgonjwa anayekohoa damu atasubiri siku 42? Kuotesha hakukuwekwa ili kuamua nani aanze dawa leo.

Pia si kweli kwamba kuotesha hakukosei. Makohozi yamejaa vijidudu vya mdomoni vinavyokua kwa siku moja, kwa hiyo kabla ya kuotesha tunayasafisha kwa magadi makali ya sodiamu haidroksaidi. Yakipungua ukali au muda, chupa inaoza na kugeuka mawingu. Yakizidi, unawaua na bakteria wa TB wenyewe, na mgonjwa wa kweli anaandikwa hasi. Dakika 15 hadi 20 tulikuwa tunazihesabu kwa saa ya ukutani, mtu haruhusiwi hata kuitika akiitwa. Sampuli iliyosafiri siku nyingi kwenye joto ndiyo inayotesa zaidi, kwa sababu vijidudu vingine vimeshazaliana njiani na inabidi uisafishe kwa ukali. Ndugu wa Uvinza, hapo umepata sehemu ya jibu la swali lako la pili: kwa kuotesha, kila siku ya kuchelewa inauma. GeneXpert inavumilia zaidi, kwa sababu haihitaji uhai. Makohozi yakikaa siku 3 katika joto lisilozidi nyuzi 35, kisha yakawekwa kwenye jokofu hadi jumla ya siku 10, bado yanapimika. Kama una jokofu la maabara, tofauti na la chanjo, liweke kopo humo tangu siku ya kwanza, kisha lisafiri kwenye kisanduku chenye barafu, likiwa limefungwa wima ndani ya mfuko wake, na karatasi ya maelezo ikiwa nje ya mfuko ili isilowe.

Kuotesha kunafaa pale swali linapokuwa la dawa. GeneXpert ya kawaida inakagua rifampisini peke yake. Mtu mwenye bakteria sugu kwa isoniazidi, dawa nyingine kuu ya TB, anaweza kuandikwa kwamba hana usugu, kwa kuwa isoniazidi haikuulizwa. Vipimo vya vinasaba vya utepe, ambavyo jibu lake husomwa kwa mistari na vilivyokubaliwa mwaka 2008, vinakagua dawa zote mbili, na zipo katriji mpya za GeneXpert zinazokagua isoniazidi na baadhi ya dawa za mstari wa pili (zinazotumika zile za kwanza zikishindwa), lakini ukitaka orodha kamili ya dawa zinazomfanyia kazi mgonjwa, bado unamtia bakteria hai kwenye chupa yenye dawa na kuangalia kama atakua. Kwa nchi yetu kazi hiyo inasimamiwa na Maabara Kuu ya Rejea ya Kifua Kikuu iliyopo Muhimbili, na wagonjwa wa TB sugu wamekuwa wakihudumiwa Kibong'oto, Kilimanjaro, tangu zamani. Kwa hiyo otesha ya mvuvi, otesha ya aliyeshindwa dawa, otesha ya aliyeishi nyumba moja na mgonjwa wa TB sugu. Ukituma ya kila anayekohoa, utaiziba njia na ya mvuvi itakaa foleni.

Nimewasikia vijana wakiisema hadubini kana kwamba ni mabaki ya zamani. Robert Koch alipowaonyesha wenzake bakteria huyu huko Berlin tarehe 24 Machi 1882, alimwonyesha kwa hadubini na rangi, na alimwotesha. Mpango wetu wa taifa wa kifua kikuu na ukoma ulipoanza mwaka 1977, Karel Styblo na Watanzania waliofanya kazi naye waliujenga juu ya slaidi na daftari: kila mgonjwa mwenye slaidi chanya anaandikwa, anasimamiwa anapomeza dawa, anapimwa tena, na mwisho wake unaandikwa. Dunia ikaja kuuchukua utaratibu huo kutoka hapa. Naamini mashine ina nguvu kuliko slaidi katika kumgundua mgonjwa, sibishani na hilo, lakini daftari likilala kwa sababu tuna mashine, tutakuwa tumerudi nyuma.

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii, Ujiji

Mimi si mtaalamu wa maabara, kazi yangu ni kuwafuata watu majumbani. Naomba katika kulinganisha kwenu mhesabu na hili: kati ya watu niliowapeleka makohozi yao mwaka huu, wapo ambao jibu lilirudi wakiwa wameshahamia kambi nyingine ya uvuvi, na simu waliyoiandikisha ilikuwa ya jirani. Slaidi iliyosomwa saa 6 mchana mgonjwa akiwa bado amekaa kwenye benchi imenisaidia kuliko jibu zuri lililokuja baada ya siku 9. Nilimtafuta mmoja kwa wiki 2, nikampata akiwa hawezi tena kutembea.

Mteknolojia wa maabara, Tabora mjini

Dada wa Ujiji amesema jambo ambalo linapaswa kuingia kwenye hesabu yenyewe. Ultra inakamata 90 katika 100, lakini kama makopo 20 katika kila 100 hayafiki, au majibu yake hayamrudii mgonjwa, basi kwa watu wa kituo hicho inakamata 72. Hadubini inayokamata 60 na kumjibu mgonjwa siku ile ile haiko mbali nayo kama inavyoonekana kwenye makala.

Kwa sababu hiyo ushauri wangu ni kwamba msichague kimoja. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka kipimo cha vinasaba kiwe cha kwanza kwa kila anayetiliwa shaka, nanyi mwelekee huko, lakini mpaka boti lipate ratiba inayotabirika, soma slaidi siku ile ile na utume kopo hilo hilo kwenye mashine. Aliye chanya kwenye slaidi aanze dawa na jibu la rifampisini limfuate. Aliye hasi asiambiwe kwamba hana TB, aambiwe kwamba jibu lake bado lipo njiani, na mwenye kumfuata aandikwe jina pale pale. Halmashauri ikiwa na fedha, waulize kuhusu mashine ndogo za vinasaba zinazotumia betri, kama Truenat iliyokubaliwa mwaka 2020. Msikubali GeneXpert iletwe kituoni bila umeme wa akiba na bila mtu wa kuhakiki moduli zake (sehemu zinazopokea katriji) kila mwaka, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kipimo katriji hiyo haitumiki tena, na katriji moja, hata baada ya bei kushushwa mwaka 2023 kutoka dola 9.98 hadi 7.97, ni fedha nyingi kuimwaga.

Daktari, Kigoma

Naafiki. Naongeza mawili tu kwa haraka. Mgonjwa mwenye VVU anayefika hoi na asiyeweza kutoa makohozi, mpime mkojo kwa kile kijiti cha LAM, kinachotafuta chembe za bakteria wa TB kwenye mkojo, kama mnacho. Hakichukui hata nusu saa, ingawa jibu hasi halimwondolei TB. Na mtoto asiyejua kukohoa, kinyesi chake kinapimika kwenye Ultra, kwa hiyo wale watoto watatu wa mama wa dagaa wasirudishwe nyumbani kwa sababu tu hawana makohozi.

Mtaalamu wa maabara, mwambao wa Uvinza (Kigoma)

Nimewasoma wote mara mbili, na mchana huu nimekaa na mganga wetu. Tumekubaliana slaidi isomwe siku ile ile kwa kila anayekohoa wiki 2 au zaidi, kopo hilo hilo liende kwenye mashine, na neno "hasi" lisitamkwe kwa mgonjwa mpaka jibu la pili lirudi. Jokofu la maabara lipo, lilikuwa limejaa vitendanishi vilivyokwisha muda, nimeviondoa. Kwenye daftari nimechora safu mbili mpya, moja ya tarehe kopo lilipopanda boti na nyingine ya tarehe mgonjwa alipoambiwa jibu lake, na nikipata miezi 3 ya tarehe hizo nitazipeleka kwa viongozi wa halmashauri zijibu swali lao la hadubini.

Mtoto mdogo wa mama wa dagaa, wa miaka 3, ana homa za jioni na hajaongezeka uzito tangu kadi yake ya mwezi wa nne. Kinyesi chake kimo kwenye kisanduku pamoja na makohozi mapya ya mvuvi, na boti inaondoka Jumanne alfajiri.